Nahema kidogo siku hizi lakini miguu ni ileile, nini kimebadilika ndani?

KijanaWaOutering
Wadau habari zenu. Nimeanza kukimbia jioni nikitoka kazini, naanzia Umoja hapa Nairobi nashika barabara ya Outering kwa ile njia ya waenda kwa miguu, na wikendi tunaenda msitu wa Karura na wenzangu. Mwanzoni nikifika kwa mlima lazima nisimame nishike magoti, saa hii naupanda huku napiga stori. Lakini nikiangalia kwa kioo paja halijaongezeka hata kidogo, suruali ni zile zile. Jamaa wa jimu ya mtaani ananiambia ati mbio hazijengi kitu, zinachoma tu mwili, niache nikabebe vyuma. Sasa swali langu, kama misuli haijakua hii nguvu imetoka wapi? Ni moyo tu ama hata mguu wenyewe umebadilika? Na mbona mishipa ya mikono imeanza kutokeza?

FizioWaMtaa
Mguu umebadilika sana kaka, ni vile tu hayo mabadiliko hayaonekani kwa kioo. Moyo nao umechangia, damu huongezeka majimaji yake ndani ya siku chache tu za kuanza mazoezi, moyo unajaa vizuri zaidi na kila pigo linasukuma damu nyingi. Lakini hiyo damu ikifika kwa paja bila njia za kuingia ndani ya msuli haisaidii, ni kama bomba kubwa kupita barabarani na ploti zenu hazina mifereji.

Mifereji yenyewe ndiyo kapilari, vile vimishipa vidogo kabisa. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama maikromita 7 au 8, na kapilari nyingi ni nyembamba kuliko hapo, kwa hivyo chembe zinapita moja moja, tena zimejikunja. Hapo ndipo oksijeni inatoka kwa damu inaingia kwa uzi wa msuli, yaani vile vinyuzi vinavyounda msuli, si kwa ile mishipa mikubwa. Ukikaa tu kwa kiti, moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika na misuli yote ya mwili inapata kama lita 1 hivi. Ukikimbia kwa nguvu jumla inaweza kupita lita 20, na zaidi ya asilimia 80 inaenda kwa misuli. Hiyo mbio ya damu inasugua kuta za mishipa, msuli nao unavutika na kuishiwa oksijeni, na hizo ndizo ishara zinazofanya msuli utoe protini inaitwa VEGF, ambayo inaamsha seli za ukuta wa kapilari zianze kuchipua njia mpya ama kapilari moja igawanyike iwe mbili. Mwaka wa 1977 watafiti Andersen na Henriksson walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kwa watu kabla na baada ya wiki 8 za mazoezi, wakahesabu chini ya darubini, wakapata kapilari zimeongezeka kwa asilimia 20.

Na faida si damu kuwa nyingi peke yake. Njia zikiongezeka kila chembe inapata muda zaidi wa kukaa pale kabla isukumwe itoke, na oksijeni haisafiri mbali kufika kwa uzi. Ndio maana unaongea ukipanda mlima.

Kuhusu mikono, hizo unazoona ni vena za chini ya ngozi, mishipa inayorudisha damu kwa moyo. Zinatokeza kwa sababu mafuta yamepungua na mwili unapeleka damu kwa ngozi ili upoe. Kapilari mpya huwezi kuziona kwa macho hata siku moja.

KochiKasarani
Naongezea hapo kwa fizio. Kuna mitokondria pia, hizi ndizo zinatumia hiyo oksijeni kutengeneza nguvu ndani ya uzi wa msuli. Mtafiti Holloszy alionyesha mwaka wa 1967 kwa panya waliofanyiwa mazoezi ya kukimbia kwamba uwezo wa mitokondria ya misuli yao uliongezeka karibu mara mbili, na paja la panya halikuhitaji kuwa nene ndio hilo litokee. Angalia miguu ya Kipchoge, alikimbia 1:59:40 kule Vienna mwaka wa 2019 na paja lake ni jembamba kuliko la nusu ya watu wa hiyo jimu yenu. Uzi mwembamba una raha yake, oksijeni inafika katikati haraka.

Lakini huyo jamaa wa jimu usimtupe kabisa, vyuma ni vizuri, vinanenepesha nyuzi na kulinda mifupa na magoti, siku mbili kwa wiki zinatosha. Kile sikubali ni kusema mbio hazijengi. Shida ninayoiona Nairobi ni watu kugeuza kila jioni kuwa mashindano, wengine wameacha hata kabla mwili ujipange, halafu wanasahau tuko juu karibu mita 1,700 na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Siku nyingi kimbia ile mwendo unaweza kuongea sentensi nzima, siku moja ama mbili ndio uongeze moto. Ukiona unashindwa kujibu salamu ya mwenzako, punguza.

NjeriKayole
Na mtu akiacha? Desemba nikienda ushago huwa nakaa tu, nikirudi nahisi nimerudi sifuri.

FizioWaMtaa
Dada hujarudi sifuri. Kinachotoka kwanza ni yale majimaji ya damu, hata wiki mbili za kukaa zinatosha kuyapunguza, moyo unaanza kupiga kasi kwa kazi ile ile na ndio unaona ni kama umepoteza kila kitu. Nguvu ya mitokondria nayo inashuka kwa wiki kadhaa. Kapilari zinadumu muda mrefu kidogo kuliko hizo. Ukiwa ushago tembea haraka kwenda sokoni, panda milima, hata mbio chache kwa wiki zinashikilia mengi.

KijanaWaOutering
Asanteni sana, nimeelewa kabisa. Sasa kuna jambo lingine la mzee wangu. Akishuka kwa matatu kutembea hadi nyumbani shavu la mguu linamuuma katikati ya njia, anasimama kidogo linaacha, akianza tena linarudi. Anasema ni uzee na ameanza kupanda boda kila siku. Alikuwa akivuta sigara miaka mingi. Hii pia ni mambo ya mishipa?

FizioWaMtaa
Hiyo usiiite uzee kaka, apelekwe hospitali wiki hii. Maumivu ya shavu yanayokuja kwa kutembea na kuacha ukisimama ni dalili inayojulikana ya ateri za mguu, ile mishipa inayoleta damu kutoka kwa moyo, kuwa zimeziba kiasi, msuli unaomba damu na haifiki. Watapima presha ya kifundo cha mguu na kulinganisha na ya mkono, hiyo haimuumizi, na waangalie sukari, presha na kolesteroli pia, maana ateri zikiziba mguuni mara nyingi za moyo nazo ziko na shida. Kama bado anavuta aache kabisa.

Wakishathibitisha na kumpa dawa, kutembea kwenyewe ni matibabu. Anatembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, anapumzika yaishe, anaendelea tena, nusu saa hadi dakika 45, mara tatu kwa wiki kwa miezi kama mitatu. Wengi huongeza sana umbali, kwa sababu msuli unajifunza kutumia vizuri damu kidogo inayopata. Boda inamnyima hiyo nafasi. Ila kama mguu unauma hata usiku akiwa amelala, ama kuna kidonda kwa kidole kisichopona, ama mguu umekuwa baridi na kubadilika rangi ghafla, msingoje wiki, mwende leo leo.

KijanaWaOutering
Kuna kidonda kwa kidole kikubwa, anasema ni kiatu. Nampeleka asubuhi.

FizioWaMtaa
Kama bado mna njia ya kufika casualty usiku huu nendeni sasa. Asilowekwe mguu kwa maji moto na asipakwe kitu chochote juu ya kidonda, mkifunike tu kwa kitambaa safi kikavu. Na mwambie daktari kuhusu sigara na yale maumivu ya kutembea, usingoje aulize.