Redio na runinga za Kikristo ziwape wanasiasa maikrofoni? Tujadili

Mwanakwaya
Wapendwa, Bwana asifiwe. Jumapili moja kabla ya uchaguzi nilikuwa nasikiliza ibada mubashara kwenye redio ya Kikristo ya mkoani kwetu, jina naliacha. Matoleo yalipokwisha, mchungaji akasema tuna mgeni. Mheshimiwa akashika maikrofoni, "Bwana Yesu asifiwe", kanisa likaitikia, kisha ikawa visima, lami, na jinsi mpinzani wake asivyomcha Mungu. Muda wote huo kinanda kinapigwa chinichini, kile kile cha wakati wa maombezi! Mimi kinanda ndicho kilichoniuma. Kwenye mkutano wa hadhara mtu huzomea au huondoka zake. Aliyefungua redio apate Neno atamuuliza nani swali? Hii ni sawa?

Kijana wa Ilala
Mbona hamkulalamika Agosti 2023, TEC, yaani maaskofu Wakatoliki wa Tanzania, walipotoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, likasomwa makanisani Jumapili nchi nzima? Ile haikuwa siasa? Semeni ukweli kwamba mnakerwa wakiongea walokole.

Mama Dorcas
Kijana, usichanganye mambo. Maaskofu waliusoma mkataba wakasema wananchi walio wengi hawautaki. Hakuna askofu aliyeomba kura pale wala aliyesimamishwa na chama. Na ninyi ambao redio zenu kutwa nzima ni mafuta ya upako na namba za kutuma sadaka, mnapata wapi ujasiri wa kutufundisha?

Kijana wa Ilala
Mama, kwa heshima zote, hapo umevuka mpaka. Mama yangu mzazi alipakwa mafuta hayo akiwa hawezi kugeuka kitandani, leo analima. Unaongea usiyoyajua. Futa hiyo kauli.

Mzee wa Machame
Tusigombane. KKKT, Walutheri, nao walitoa waraka wa Pasaka 2017 kuhusu amani ya nchi, wakaandikiwa barua na serikali waufute. Hapo siasa iliingia kanisani au kanisa liliingia kwenye siasa?

Msemakweli
Shikamoo mzee. Ilikuwa 2018. Barua iliwapa siku 10, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo mwenyewe, Mwigulu Nchemba, akaikana. Hoja yako lakini ni nzito. Mimi ninaogopa hili la mchungaji kuwa mwanasiasa. Marehemu Mama Rwakatare alikuwa na kanisa la Mlima wa Moto, redio, na ubunge wa viti maalumu kupitia CCM. Askofu Gwajima akapata ubunge wa Kawe mwaka 2020, chama hicho hicho. Alipokemea utekaji, Juni 2025 kanisa lake likafutiwa usajili. Waumini walioenda kusali tu wakakuta polisi getini. Kosa lao nini?

Kijana wa Ilala
Kwa hiyo angenyamaza watu wakitekwa? Ndiyo ushauri wako?

Msemakweli
Sijasema anyamaze! Nimesema muumini asifungiwe kanisa kwa kauli ya mbunge. Soma kwanza ndugu.

Mkenya wa Butere
Huku kwetu Septemba 2021 tulikuwa na ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuwa askofu kamili wa Anglikana Kenya. Wanasiasa Raila na Mudavadi walikuwepo. Askofu Mkuu Ole Sapit akasema mnakaribishwa kusali, mimbari ni ya kanisa. Hawakuongea. Wakatoliki nao Novemba 2024, Askofu Mkuu Anyolo alikataa mamilioni ambayo Rais Ruto alitoa kwenye kanisa la Soweto, Nairobi. Inawezekana kabisa, ni kuamua tu.

Mama Dorcas
Mungu awabariki. Hela zilirudishwa! Nionyesheni redio moja ya mafuta iliyowahi kurudisha hata elfu tano.

Fundi Mitambo
Nimefanya kazi kwenye redio ya dini, niwaambie inavyokwenda. Leseni inalipiwa, umeme wa mtambo unalipiwa, jenereta inakunywa dizeli. Wasikilizaji wanatuma sadaka mwezi huu, mwezi ujao kimya. Mhubiri analipia nusu saa yake. Mwanasiasa akija na bahasha, mshahara wa watangazaji wote umepatikana. Tangazo la sabuni lina muziki wake, hata mtoto anajua hili ni tangazo. Mheshimiwa anaingia katikati ya sifa, mtangazaji anamwita "mtumishi", na hakuna anayemwambia msikilizaji kwamba muda huo umelipiwa. Kinanda anachosema Mwanakwaya kiko kwenye makubaliano, nimewahi kuambiwa nisikishushe. Hapo ndipo penye dhambi. Mwenye chama aje, ila kitangazwe ni kipindi cha kulipia, na mpinzani wake auziwe muda kwa bei ile ile.

Mzee wa Machame
Mwanangu umesema kweli. Sisi tulikua tukisikiliza redio ya Sauti ya Injili ya Addis Ababa, vipindi vya Kiswahili vikitengenezwa Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikautwaa mtambo, ukawa wa kwao. Wanasiasa wanajua thamani ya redio ya kanisa kuliko sisi wenyewe.

Mwanakwaya
Asante Fundi. Basi tujadili hilo: tuwatake viongozi wetu waweke utaratibu kwamba mgombea yeyote haingii kwenye ibada mubashara. Kipindi cha mahojiano aje, aulizwe maswali na wasikilizaji wapige simu. Mnaonaje?

Kijana wa Ilala
Tutarudi huko Mama Dorcas akishafuta kauli. Mama yangu si tapeli.

Mama Dorcas
Sijamtaja mama yako, nami namwombea uzima. Nimemtaja muuzaji. Chupa ile mlinunua shilingi ngapi, na mlipewa risiti?

Kijana wa Ilala
Kwani ninyi mkitoa zaka mnapewa risiti?

Mama Dorcas
Ndiyo. Ninayo kadi, na kila mwezi inagongwa muhuri. Leta yako tuione.