Tupeane uzoefu: dizeli na petroli, gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita?

Mtoto wa Kilosa
Wakuu salaam. Jana nimekaa kwenye foleni ya Kimara kwenda Mbezi saa nzima na robo, macho kwenye mshale wa mafuta, nikamkumbuka shemeji yangu. Mwaka 2019 aliniambia: "Uza hiyo petroli, chukua dizeli, utanishukuru." Nikamsikiliza. Sasa naomba kila mtu alete namba alizopima mwenyewe. Za muuzaji wa gari tunazijua zote, na zote ni nzuri.

Nimemiliki Prado mbili za bodi moja. Ya kwanza petroli 2.7, ya pili dizeli 3.0 ya turbo (feni inayoisukumia injini hewa), zote auto. Napima hivi: najaza mpaka pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, natembea wiki nzima, narudi sheli ileile na pampu ileile, najaza mpaka ikate tena, nagawa kilomita kwa lita zilizoingia. Daftari ninalo, la miaka yote.

Petroli mjini ilinipa 5.8 kwa lita, safari ndefu 8.7. Dizeli mjini 7.9, safari 11.2. Dar kwenda Mbeya ni kama kilomita 820, maana yake petroli nilikuwa naunguza lita 94 na dizeli lita 73. Lita 21 safari moja, kwenda tu.

Ila siyo hadithi yote. Dizeli inataka oili nyingi zaidi, na filta ya mafuta nabadilisha bila kungoja. Na mnakumbuka miezi ya mwisho ya 2022, EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wakitoa bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, dizeli ikawa juu ya petroli. Miezi ile nilikuwa natembea na kikokotoo mfukoni.

Leteni zenu.

Kigogo Juu
Umenigusa. Foleni ya Kimara inamaliza watu. Naweka kambi hapa.

Bi Hawa wa Tanga
Mimi IST ya 1300. Tanga mpaka Dar lita 22, sijawahi kuzidisha, na AC nawasha kuanzia Segera. Hiyo ni kama kilomita 16 kwa lita. Sioni dizeli itanisaidia nini.

Mtoto wa Kilosa
Dada Hawa, tulinganishe vinavyolingana. IST ni tani moja, Prado ni karibu tani mbili. Ukiweka mzigo mmoja kwenye mizani mbili tofauti hujapima kitu.

Bi Hawa wa Tanga
Kaka, umeuliza gari langu linakwenda kilomita ngapi kwa lita, nimejibu. Mimi nalipa kwa shilingi, na shilingi haiulizi uzito wa gari. Kama ulitaka watu wa Prado peke yao ungeandika Prado.

Kigogo Juu
Dada ana hoja.

Fundi Nozeli, Gerezani
Wadau, mimi ni fundi pampu, kazi hii naifanya mwaka wa 17 sasa. Niseme kwa nini dizeli inakwenda mbali, maana wengi wanadhani ni uchawi wa turbo.

Kwanza, lita ya dizeli ni nzito na ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 13 hivi. Hapo kabla injini haijafanya chochote umeshapata faida. Pili, dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa kubanwa. Petroli hewa inabanwa kama mara 10, dizeli mara 16 mpaka 20 na kitu, na mbano mkubwa unatoa kazi zaidi kwenye mafuta yaleyale. Tatu, na hili ndilo linalomhusu mwenye mada pale Kimara: petroli ina kipepeo kwenye njia ya hewa. Ukiwa umesimama kimefungwa karibu chote, injini inavuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua. Dizeli inavuta hewa wazi, inapunguza mafuta tu. Ndiyo maana ikiwa imesimama inanusa mafuta, hainywi.

Sasa upande wa pili. Injini za dizeli za zamani za Toyota, 3L, 5L, 1HZ, zilikuwa zinavumilia. Hizi za komoni reli, yaani bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote, shinikizo linapita baa 1,000, na pampu yake inalainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayalainishi. Ukiwekewa dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, pampu inajisaga, vumbi la chuma linaingia kwenye nozeli zinazopuliza mafuta ndani ya injini, na mimi ndipo nakuona. Tangu 2010 kuna vinasaba, alama za kemikali za kugundua uchakachuaji, kwenye mafuta na hali ni nafuu kuliko zamani, lakini vidumu vya kando ya barabara bado vipo. Msinunue, nawaomba. Nozeli nne mpya ni hela ya mafuta ya miezi mingi.

Chapa Mguu
Mnajisumbua na madaftari. Gari yangu dashibodi inasoma 14.2, CX-5 dizeli 2.2. Kompyuta haina njaa, haidanganyi.

Mtoto wa Kilosa
Dashibodi inakadiria, mkuu. Yangu inanipa 12.1 wakati pampu inanipa 11.2. Jaza, tembea, jaza tena, halafu urudi hapa.

Chapa Mguu
Kwa hiyo wahandisi wa Japani hawajui, unajua wewe na kalamu?

Mtoto wa Kilosa
Kalamu yangu inaandika lita nilizolipia. Basi.

Fundi Nozeli, Gerezani
Chapa Mguu, hiyo yako ina chujio la masizi kwenye ekzosti. Kama kazi yake ni Mikocheni–Posta tu, itoe mara kwa mara iende mbali, Chalinze na kurudi, ikimbie bila kukatizwa nusu saa. Chujio linataka joto kali ili lijisafishe. Likiziba, hiyo 14.2 utaisahau.

Baba Neema
Wakuu, nilikuwa nasoma kimya, ila mliposema turbo mwili ulisisimka. Nina jambo la mlima Kitonga.

Nilikuwa na dizeli ya gia za mkono, niliinunua baada ya kuuza ya petroli, sababu ileile, mafuta. Ilikuwa inanipa 11 kwa lita na ile ya zamani 8.5. Nilifurahi sana. Mwaka wa pili turbo ikaanza kupiga filimbi. Fundi mmoja akaniambia kuna turbo ya mtumba, bei nusu. Nikakubali. Oili ikawa inapungua, kila wiki mbili naongeza. Nikaambiwa kawaida ya dizeli.

Desemba tunakwenda Iringa, mimi, mke wangu na watoto watatu. Tumepita Ruaha Mbuyuni, tukanunua gunia la vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga. Kona ya tatu au ya nne, gari ikapandisha mlio yenyewe. Nikaondoa mguu. Mlio ukazidi. Nikakanyaga klachi, ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye injini, mshale umelala kwenye wekundu. Nyuma hakuna barabara, ni moshi mweupe wenye rangi ya bluu, umejaa bonde zima. Nikasogea pembeni, handibreki, nikazima ufunguo. Nikautoa kabisa, nimeushika mkononi. Injini inaendelea kuunguruma.

Hapo ndipo nilipojua hofu. Mke wangu akawatoa watoto, akawavuta mpaka kwenye ukingo wa juu. Mimi nimesimama na ufunguo mkononi, gari inatetemeka kama itapasuka, malori yanapanda na kushuka. Nilijua inalipuka.

Dereva wa semi aliyekuwa nyuma yetu akaruka chini mbio. Hakuniuliza kitu. Akavuta mkeka wa mpira wa miguuni kwangu, akaukunja mara mbili, akafungua boneti, akang'oa bomba la hewa kwenye ea klina (chujio la hewa) na kuukandamiza ule mkeka mdomoni mwa bomba kwa viganja vyote. Injini ikakoroma, ikapiga chafya mara mbili, ikafa. Kimya. Nikasikia mwanangu wa mwisho analia kule juu. Yule dereva akaniambia: "Hii ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, ufunguo hauizuii." Alikataa hela. Akachukua vitunguu kidogo, akaondoka. Jina lake sikuuliza na linaniuma mpaka leo.

Matengenezo yalifika milioni 4.6. Nimekaa nikapiga hesabu: kwa kilomita 30,000 nilizotembea nilikuwa nimeokoa kama lita 800, tuseme milioni 2.4 kwa bei za wakati ule. Hiyo ndiyo namba yangu.

Bi Hawa wa Tanga
Mungu mkubwa. Watoto wako salama, kaka, hayo mengine ni chuma.

Kigogo Juu
Nimesoma nikiwa nimesimama.

Semi Tunduma
Huyo dereva alikuwa sahihi. Ila nyongezeni hili: kwa gia za mkono, ukiwa umeshikilia breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa uachie klachi, injini inajifia. Auto hiyo njia haipo, ni kuziba hewa tu. Na msizibe kwa mkono mtupu wala kwa kitambaa chepesi, kinamezwa.

Kuhusu mafuta, semi yenye mzigo kamili Dar–Tunduma naongelea kilomita 2 kwa lita, nikirudi tupu inapanda. Mguu wa dereva ndio injini ya pili. Kuna vijana wanapewa gari ileile, mzigo uleule, wanamaliza mafuta Makambako.

Mkwezi
Siri ni kuweka N, gia huru, kwenye mteremko. Kuanzia mlima Sekenke kushuka sichomi hata tone.

Semi Tunduma
Usimfundishe mtu hivyo! Nimeona magari yaliyoungua breki kwenye miteremko kwa ajili ya hiyo N.

Mkwezi
Miaka 12 naendesha hivyo, sijagusa mtu.

Fundi Nozeli, Gerezani
Na mafuta yenyewe huokoi. Gari zenye injekta za umeme, ukishuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka N lazima ichome ili isizime. Mkwezi, unahatarisha watu na bado unalipia.

Mkwezi
Yangu ni ya kabureta.

Fundi Nozeli, Gerezani
Basi breki zako zina huruma. Acha, ndugu yangu.

Mswahili wa Mombasa
Hapa kwetu mambo ni yaleyale. Mimi nina Probox ya petroli, Mombasa–Nairobi kilomita 480 hivi, naweka lita 30 na ninafika. VAT ilipotoka asilimia 8 ikawa 16 Julai 2023, nduguye mke wangu aliyekuwa na dizeli kubwa alianza kupanda treni ya SGR. Baba Neema, pole sana, hiyo mandhari ya watoto imenikaa.

Mama Wawili, Tabata
Mbona hamjataja gesi? Gari yangu ya petroli nimefunga mtungi wa CNG, matumizi yameshuka karibu nusu. Dizeli haiwezekani kirahisi, haina plagi. Tabu ni foleni ya kujaza, siku nyingine napoteza saa tatu, na buti limeliwa na mtungi.

Kigogo Juu
Saa tatu mama? Hiyo foleni ya Kimara si itakuwa afadhali.

Mama Wawili, Tabata
Naenda saa kumi alfajiri sasa. Nachukua dakika 20.

Mtoto wa Kilosa
Baba Neema, nimesoma mara mbili. Yangu nayo imeanza kupunguza oili, nusu lita kwa kilomita 2,000, nilikuwa nasema ni umri. Fundi Nozeli, hiyo ni kawaida?

Fundi Nozeli, Gerezani
Usiende nayo safari. Fungua bomba linalotoka turbo kwenda kwenye kipoozeo cha hewa, pangusa kwa kidole. Ukikuta utando mwembamba, tuongee. Ukikuta oili imetuama, iache hapohapo ulipo. Na ukitoka mlimani usizime ghafla, iache iungurume dakika moja au mbili turbo ipoe.

Baba Neema
Pangusa leo, ndugu yangu. Usingoje Jumamosi.

Mtoto wa Kilosa
Nimetoka kupangusa. Oili imetuama, inajaa kijiko. Kesho nakuja Gerezani na lori la kuvuta.