Likizo bila malipo: tupeane uzoefu, kwako ilikuwaje?

Wadau, salaam. Likizo ya mwaka kila mtu anaijua. Hii ya bila malipo ndiyo yenye giza: mshahara unasimama, na mengine unayagundua ukiwa nyumbani. Mimi niliomba nikamuuguze mzazi. Bosi akakubali kwa mdomo, pale pale koridoni. Nikamshukuru, ila nikaomba barua. Alinuna kidogo. Barua ikaja na tarehe ya kuanza, tarehe ya kuripoti, na mstari unaosema narudi kwenye cheo changu. Katikati bosi akahama. Aliyempokea hakunijua, nikamwonyesha barua, yakaisha. Tiririkeni, waajiri nao waseme.

Kalamu Nyekundu: Kagueni hesabu ya makato. Kuna wanaogawa mshahara kwa 30 na kuhesabu siku zote, wikendi ikiwemo. Wengine wanagawa kwa 22, siku za kazi tu. Ukikosa wiki moja, siku 7 kati ya 30 au 5 kati ya 22 zinakaribiana. Kwangu waligawa kwa 22 halafu wakakata siku 7! Karibu theluthi ya mshahara imeyeyuka. Nilikwenda kwa mhasibu na slipu mkononi, wakanirudishia mwezi uliofuata.

Mama Pacha: Likizo ya uzazi ilipoisha niliongeza bila malipo. Bima tuliiongelea kabla sijaondoka: nikalipa fungu langu na la mwajiri. Watoto walipougua, kadi ilisoma. Mkopo sasa! Benki haina habari na likizo yako, siku ya rejesho ni ile ile.

Mwajiri Mdogo: Mnadhani kwetu ni rahisi kwa kuwa hatulipi. Nafasi haiko wazi, siwezi kuajiri wa kudumu. Natafuta wa mkataba mfupi, na akianza kuiweza kazi, mwenyewe huyo anarudi. Anayenipa taarifa mapema namkubalia. Anayekuja Ijumaa jioni akitaka kuondoka Jumatatu, kama si msiba au ugonjwa, namkatalia.

Zamu ya Usiku: Na mwajiri anayewapeleka likizo kwa nguvu? 2020, Korona ilipopamba moto, tuliletewa fomu imeandikwa "nimeomba kwa hiari yangu". Hiari ya nani? Tulikata maneno hayo kwa kalamu, tukaandika "kwa maelekezo ya mwajiri", ndipo tukasaini. Baadaye kwenye mazungumzo ya malipo karatasi ile ilitubeba.

Mama Pacha: Marekani tangu 1993 wana sheria: mfanyakazi mwenye sifa anapata hadi wiki 12 kwa mwaka bila malipo, kwa uzazi au kuuguza ndugu wa karibu, na bima ya kazini inaendelea. Mwajiri Mdogo, swali: wa muda akiwa bora kuliko mwenyewe, unafanyaje?

Mwajiri Mdogo: Imenikuta. Mwenyewe alirudi kwenye kiti chake, barua niliisaini mimi. Yule wa muda nilimwandikia utambulisho mzuri.