Taa wa maji baridi: mkondo uwe na nguvu kiasi gani?

Mchangani: Wakuu, tangi ni sm 240 × 90 × 60, karibu lita 1,300. Taa (samaki bapa mwenye mkia mrefu) ni wawili, aina ya Potamotrygon motoro, upana wa sm 18 kila mmoja. Nalinganisha (1) machujio mawili ya nje, (2) tangi la chini lenye chujio na pampu ya kurudisha maji, (3) mojawapo ya hizo pamoja na pampu ya mawimbi. Ipi inawafaa?

FundiPampu: Ya 2. Ila tenganisha mambo mawili: maji yanayopita chujioni, na nguvu ya mkondo kule chini wanakolala. La kwanza liwe kubwa, la pili dogo. Taa hula nyama na hutoa amonia nyingi (sumu itokanayo na uchafu wao), kwa hiyo maji yote yapite chujioni mara 5 au 6 kwa saa, yaani kuanzia lita 6,500. Namba ya kwenye boksi la pampu hupimwa bila kupandisha maji, usiitegemee. Kinga ndoo ya lita 20: ikijaa kwa sekunde 10 una lita 7,200 kwa saa, ikichukua 16 una 4,500 tu.

Mto_Xingu: Na atakayemtaka taa aina ya P. leopoldi wa mto Xingu, Brazili, ataambiwa aweke mkondo mkali kwa kuwa kwao ni miamba na maji ya kasi. Sikubaliani kabisa. Hata huko taa hulala chini, ambako kasi hupungua. Anachohitaji ni oksijeni, na kwa nyuzi 28 maji huibeba kidogo. Tikisa uso wa maji, uache mchanga.

Mchangani: Basi pampu ya mawimbi niiache?

FundiPampu: Iache. Ikielekea chini huchimba mchanga: upande mmoja kioo kitupu, upande wa pili kichuguu, na taa hana pa kujifukia. Jaribu hivi: dondosha kipande cha nyama ya kamba, ukubwa wa punje ya hindi. Kikitulia kilipoangukia, sawa, kikiburutwa, punguza.

Maji yarudi kwa bomba la PVC la inchi 1½, urefu m 1.8, likae ukuta wa nyuma. Toboa matundu ya mm 12 kila sm 10, yatazame juu kidogo. Ya mm 6 hubana pampu na kurusha maji kama sindano. Zamisha matundu sm 3 tu, maana umeme ukikatika maji hurudi chini mpaka matundu yapate hewa. Hizo sm 3 ni lita 65. Tangi la chini liwe na nafasi yake, la sivyo sakafu italowa.

Mama_Taa: Ya 1 ina kasoro nyingine: mdomo wa kunyonya hukaa chini, na taa mdogo hunaswa ukingo wa mwili. Ukiitumia, funga sponji nene. Kwenye ya 2 maji hutoka tangini kwa juu, na hita (ya kupasha maji joto) unaihamishia tangi la chini, maana taa huilalia ikamuunguza bila yeye kusogea.

Tena, mkimwona amekunja kingo za mwili juu (dalili ya kuteseka), msikimbilie kupunguza mkondo. Pimeni amonia kwanza. Ikisoma chochote juu ya 0, badilisheni nusu ya maji, yaliyotolewa klorini na yenye joto lilelile, siku hiyohiyo.