Eagles wa San Francisco: walicheza na nani kabla ya reli?

Mpenda_Gongo: Wakuu, habari za jioni. Nimesoma kwamba mwaka 1869 timu ya besiboli ya Cincinnati Red Stockings ilifika San Francisco ikawachapa Eagles 35 kwa 4. Klabu kongwe ya California inafungwaje hivyo? Walikuwa wabovu kiasi hicho?

Baba_Zuhura: Mkuu, mimi naishi Oakland, ng'ambo ya ghuba, na hao Eagles nawatetea. Mwanzoni mwa 1848 San Francisco haikuwa na hata watu elfu moja. Dhahabu ilipoonekana watu wakamiminika, wakiwemo vijana wa New York waliokwisha kuujua mchezo huu kwao. Mwaka 1851 gazeti la mjini lilikuwa tayari linaandika habari za watu wanaocheza mpira pale Plaza, kiwanja cha wazi cha mjini. Klabu ya Eagles ikaundwa mwishoni mwa 1859, na tarehe 22 Februari 1860, siku ya kuzaliwa George Washington, Eagles wakavaana na timu nyingine, Red Rovers. Sare, 33 kwa 33! Walipotakiwa kuendelea, Red Rovers wakagoma, wakidai mrushaji wa Eagles harushi kihalali. Ushindi ukaenda kwa Eagles. Kumbuka enzi hizo mpira unarushwa mkono ukitokea chini, glavu hakuna, na hata ukiudaka umeshadunda mara moja, mpigaji katoka. Watu wa kuvunjika vidole hao, na hawalipwi senti.

Rehema_wa_Tanga: Sasa Cincinnati walikuwa na nini cha zaidi, kaka?

Baba_Zuhura: Mshahara, dada yangu. Harry Wright, kiongozi wa timu yao, aliwalipa wachezaji wake wote, wakafanya mazoezi kama kazi, na msimu ule mzima hawakufungwa na yeyote. Eagles walitoka kibaruani ndipo wakaingia uwanjani. Halafu kabla ya reli ya kuvuka Marekani kukamilika Mei 1869, kutoka New York ni wiki kadhaa melini kupitia Panama. Nani angewafuata huko? Walichezeana wenyewe kwa wenyewe miaka yote. Na Atlantics, wa San Francisco vilevile, walifungwa na Cincinnati haohao 76 kwa 5. Ukiweka hiyo kando ya 35, utaona nani alikuwa nani California.

Mpenda_Gongo: Nimekuelewa, mkuu. Walichezea wapi?

Baba_Zuhura: Uwanja wa Recreation Grounds, kitongoji cha Mission, barabara ya Folsom inapokutana na ya 25. Ulifunguliwa Novemba 1868, uwanja wa kwanza California kuzungushiwa uzio.