Mmea mrefu wa matuta katika bustani ya shule: ni dungusi kakati ipi, na una undugu gani na miti ya utomvu ya Isimani?

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Wanajukwaa, habari zenu. Ninaandaa vibao vya majina kwa ajili ya bustani ya mimea ya shule yetu hapa Iringa, na nimekwama kwenye mmea mmoja. Ni mrefu, hauna majani, rangi yake ni kijani kinachoelekea buluu, na shina lake lina matuta sita au saba yanayopanda wima toka chini hadi juu. Matawi huanzia karibu na ardhi, kisha yote husimama sambamba. Uliletwa ukiwa kipande tu cha shina, ukachomekwa ardhini, na katika miaka michache umelipita paa la darasa. Hutoa maua makubwa meupe yanayofunguka usiku na kunyauka asubuhi, lakini hatujawahi kuona tunda.

Kibao cha zamani kinasema *Cereus peruvianus*. Mwalimu mwenzangu anaamini ni ile dungusi kakati kubwa ya kwenye picha za majangwa ya Marekani, *Carnegiea gigantea*. Wanafunzi nao wanashikilia kwamba ni ndugu wa miti yenye utomvu mweupe inayoota kandokando ya njia ya Isimani kuelekea Mtera. Naomba mnisaidie kuuweka mmea huu mahali pake, pamoja na sababu, kwa kuwa wanafunzi hawa hawataridhika na jina tupu.

Mpenda Mimea, Mbeya

Salamu kutoka Mbeya, Mwalimu. Nitaanza na hoja ya wanafunzi, kwa sababu ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote.

Miti ya Isimani ni yuforbia, wa familia ya Euphorbiaceae katika oda (kundi linalojumuisha familia kadhaa) ya Malpighiales. Mmea wa bustani yenu ni wa familia ya dungusi kakati, Cactaceae, oda ya Caryophyllales. Kwa hiyo undugu wao ni wa mbali sana, na kufanana kwao kumeletwa na ukame. Koo hizi mbili, moja katika Afrika na nyingine katika mabara ya Amerika, kila moja kwa wakati wake ilipunguza au kuacha majani, ikalifanya shina kuwa ghala la maji, ikaliwekea matuta yanayoliwezesha kutanuka baada ya mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ikaanza kufungua stomata (vitundu vya kupitishia hewa) usiku ili kuingiza hewa ukaa bila kupoteza maji mengi kwa jua la mchana. Umbo, basi, halitoshi kuwa ushahidi wa undugu, na wataalamu wa uainishaji huangalia kwanza maua na mahali miiba inapoota.

Waambie wanafunzi wachunguze ukingo wa tuta kwa lenzi. Kwenye dungusi kakati wataona vivimbe vidogo vyenye manyoya mafupi, vinavyoitwa areoli, na kila kimoja huweza kutoa kishada cha miiba, tawi jipya au ua. Areoli ndiyo alama ya familia nzima ya Cactaceae. Kwenye yuforbia wa namna ile hakuna areoli. Miiba hukaa miwili miwili juu ya kigamba kigumu. Tofauti ya maua ni kubwa zaidi. Ua la mmea wenu lina stameni (viungo vya kiume vya ua) nyingi mno na petali zinazopangana tabaka kwa tabaka, na ovari yake, yaani sehemu inayobeba mbegu, iko chini ya petali. Kinachoonekana kuwa ua dogo la yuforbia, kwa hakika ni kikundi cha maua: katikati kuna ua moja la kike, na kulizunguka kuna maua ya kiume ambayo kila moja limebaki na stameni moja tu.

Utomvu mweupe ni dalili nzuri lakini usiufanye kipimo pekee, kwa sababu zipo dungusi kakati chache, kama baadhi ya spishi za *Mammillaria*, ambazo nazo hutoa utomvu wa maziwa. Tena, utomvu wa yuforbia hudhuru macho vibaya, kwa hiyo nisingewaruhusu wanafunzi kuikata miti ile kwa ajili ya jaribio.

Kuhusu *Carnegiea*, maelezo yako mwenyewe yanaikanusha. Ile hukua polepole kupita kiasi: katika miaka minane ya mwanzo hufikia sentimita chache tu, na mikono yake huanza kuchipua baada ya miongo mingi, tena juu kwenye shina, wala si karibu na ardhi. Asili yake ni jangwa la Sonora, hasa Arizona na kaskazini magharibi mwa Meksiko. Maua yake huota karibu na kilele, na hubaki wazi hadi siku inayofuata. Mkanganyiko wa majina lakini una historia. Mtaalamu wa uainishaji, Linnaeus, mwaka 1753 aliziweka dungusi kakati zote alizozijua katika jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), *Cactus*. Mwaka uliofuata mtaalamu mwingine wa mimea, Miller, akaitenga *Cereus*, ambayo baadaye ilijazwa karibu kila spishi ndefu yenye umbo la nguzo. Mtaalamu wa mimea Engelmann alipoieleza ile ya Sonora mwaka 1848, aliiita *Cereus giganteus*. Ni mwaka 1908 ndipo wataalamu wenzake wa baadaye, Britton na Rose, walipoihamishia katika jenasi yake, *Carnegiea*. Vitabu vya zamani vinavyotumia jina la Engelmann bado vipo maktabani.

Mmea wenu umebaki ndani ya *Cereus* halisi, ila neno *peruvianus* lingefutwa. Mimea mingi inayouzwa duniani kwa jina hilo ni *Cereus hildmannianus*, spishi iliyoelezwa na Karl Schumann mwaka 1890, na kwao si Peru bali ni kusini mwa Brazili, Uruguay na maeneo jirani ya Argentina. Wengine hulitumia jina hilohilo kwa *Cereus repandus* ya Venezuela na visiwa vya Curaçao na jirani zake, ambayo ina miiba mingi zaidi. Je, miiba ya mmea wenu ikoje?

Muuza Miche, Njombe

Shikamoo Mwalimu, na salamu kwenu wote. Naongeza jambo kuhusu tunda. *Cereus* hii haijirutubishi kwa chavuo yake yenyewe, na watafiti waliojaribu kuilima kama zao la matunda katika jangwa la Negev, Israeli, waliliona hilo. Mimea inayotokana na vipande vya shina moja ni mmea mmoja kwa urithi, hata ikijaza uwanja mzima wa shule. Itachanua, nondo wakubwa wanaweza kuyatembelea maua usiku, na bado tunda halitashika. Mkitaka tunda, tafuteni kipande kutoka mmea wenye asili tofauti, mwupande karibu, kisha mhamishe chavuo kwa brashi laini maua yakiwa bado wazi. Tunda huliwa; nyama yake ni nyeupe na mbegu ni nyeusi, ilhali la *Carnegiea* lina nyama nyekundu.

Nawasihi pia msitupe mabaki ya matawi porini, kwa sababu kila kipande huweza kutoa mizizi. Afrika Kusini wamesumbuliwa sana na *Cereus jamacaru*, ndugu wa karibu wa mmea huu aliyetoka kaskazini mashariki mwa Brazili, hata wakaingiza wadudu wa kuidhibiti. Bonde la Ruaha na Isimani ni kukavu, na mmea wa namna hii ungepapenda.

Mwalimu wa Baiolojia, Iringa

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nimekwenda kuangalia: areoli zipo wazi kabisa, na nyingi kati yake hazina mwiba hata mmoja; chache, hasa sehemu ya chini ya shina, zina miiba mifupi.

Mpenda Mimea, Mbeya

Hiyo inaelekea moja kwa moja kwa *Cereus hildmannianus*, Mwalimu. Andika hivi: *Cereus hildmannianus* K.Schum., familia Cactaceae, asili yake Amerika ya Kusini. Chini yake weka kwa herufi ndogo kwamba hapo awali uliitwa *Cereus peruvianus*, ili mwanafunzi atakayelikuta jina hilo kitabuni ajue ni mmea huuhuu.