Mnara wa Waarmenia Ujerumani: una haki ya kuwepo au ubaki kwao?

msafiri_koln: Wakuu naomba tulijadili hili. Hapa Köln 2018 wanaharakati waliweka mnara mdogo wa kuwakumbuka Waarmenia waliouawa 1915 na utawala wa Waosmani (dola ya Waturuki ya zamani), wakauweka karibu na daraja la reli la Hohenzollern bila kibali, manispaa ikauondoa baada ya siku chache, wao wakaurudisha tena na tena miaka iliyofuata. Serikali ya Uturuki inasema yale yalikuwa maafa ya vita, siyo mauaji ya kimbari. Je mji wa nchi nyingine una haki ya kuweka mnara wa msiba usiotokea kwake? Mi nasema ndiyo tena ni wajibu. Mjerumani alikuwa mshirika wa Waosmani kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, wanadiplomasia wake waliandika ripoti za wanawake na watoto wanavyoswagwa kwenda jangwa la Syria, Berlin ikanyamaza. Na pale darajani sanamu ya Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wa wakati ule, ipo juu ya farasi mpaka leo, haijaondolewa.

chumvi_nyingi: Umekaa Ulaya mpaka umesahau kwenu. Waarmenia wana nchi yao, wana mnara wao Yerevan, mji wao mkuu, waliojenga juzi juzi Sovieti ilipovunjika, unatosha. Kila mtu akienda kujenga makumbusho kwa jirani dunia itaenea wapi? Halafu 1915 sisi inatuhusu nini?

kalamu_nyekundu: Juzi juzi?? Huo mnara wa Yerevan, Tsitsernakaberd, ni wa 1967, Sovieti ipo hai kabisa. 1965 ilipotimia miaka 50 watu walijaa barabarani Yerevan kudai kumbukumbu, wakubwa wakaona bora wajenge. Nimefika pale mimi. Kuna nguzo ya mita 44, pembeni mawe 12 makubwa yameinamia moto ambao hauzimwi, unashuka ngazi kuufikia, na kila Aprili 24 watu wanapita na maua mchana kutwa, maua yanapanda mpaka yanakuwa ukuta kuzunguka ule moto.

chumvi_nyingi: Sijaomba picha za utalii. 1967 au 1991 hoja yangu ni ileile, wanao mnara kwao.

kalamu_nyekundu: Kwao wapi sasa? Waliouawa wengi hawakuwa wa Yerevan, walikuwa wa Van, Erzurum, Harput, kote huko ni Uturuki ya leo na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kujenga mnara huko. Istanbul uliwekwa mmoja 1919, baada ya miaka michache haupo. Deir ez-Zor kule Syria, mwisho wa ile misafara, walijenga kanisa la kumbukumbu lenye mifupa ya waliokufa jangwani, 2014 wale wa Dola ya Kiislamu wakalilipua. Waliopona walikimbilia Beirut, Aleppo, Marseille, Marekani, ndiyo maana minara iko Lyon, iko Montebello kule California tangu 1968. Mtu hana kaburi la babu yake hata moja halafu unamwambia abaki kwao!

bi_mkubwa_tanga: Wanangu naona mnaanza kuwabebesha Waislamu wote mzigo, mimi hilo limenikera. Waturuki nao walikufa wengi tu vitani, pale Iğdır, mashariki mwa Uturuki, wana mnara wao wa 1999 wa ndugu zao waliouawa na Waarmenia, mbona hamuutaji? Na mjue Sharifu Hussein, mtawala wa Makka, 1917 aliandika kuamrisha Waarmenia walindwe na wasaidiwe. Waarabu wengi waliwahifadhi watoto majumbani mwao.

kalamu_nyekundu: Shikamoo bi mkubwa. Hakuna aliyetaja dini hapa. Huyo Sharifu anatusaidia sisi, maana Mwislamu mwenye cheo kile aliona wazi watu wanateketezwa. Waliokufa vitani waombolezwe, sikatai. Ila kufa vitani na kutolewa nyumbani na watoto kwa amri ya serikali ukafie njiani ni vitu viwili.

mkulima_songea: Ngojeni kwanza. Nyie mnapita tu kwenye huyo Kaiser kama hamjamuona. Wilhelm II si ndiye aliyetawala wakati wa Maji Maji? Februari 27, 1906 wazee wetu wamenyongwa Songea chini ya bendera yake, mashamba yakachomwa, njaa ikamaliza watu wengi kuliko risasi. Leo mnaniambia yupo juu ya farasi Köln na tunabishania Waarmenia?

chumvi_nyingi: Asante sana! Ndicho nilichosema toka mwanzo, kwetu kwanza.

mkulima_songea: Usinipakate, sijasema hivyo. Nimesema Kaiser atajwe.

msafiri_koln: Na wale waliuweka mnara mahali pale wakijua kabisa nani yuko mbele yake.

chumvi_nyingi: Basi hapo mnara uwekwe, lakini wa Maji Maji. Sisi alitutawala, Waarmenia hakuwatawala. Msichanganye.

msafiri_koln: Bunge la Ujerumani lenyewe 2016 lilikiri kwamba Dola ya Ujerumani ilikuwa na taarifa na haikuzuia. Sasa wewe unamtetea Mjerumani kuliko anavyojitetea mwenyewe?

mkulima_songea: Sawa, la Waarmenia bunge limeandika 2016. Rais wa Ujerumani Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023, akaomba radhi, akaahidi kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wazee walionyongwa. Hilo la kwetu bunge lao litaliandika lini?